Soma Karatasi Kabla ya Kufungua Gundi: Maswali ya Waunda Modeli Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa tena na tena na watu wanaounda ndege, vifaru, meli na magari madogo ya plastiki. Mengi huanza kwa kulalamikia gundi, rangi au kiwanda. Ukiyafuatilia, mengi huishia kwenye karatasi iliyokunjwa chini ya boksi, ambayo mwenye boksi hakuikunjua mpaka mambo yalipoharibika.

Picha zinajieleza zenyewe. Kwa nini nisome yote kwanza, nisifuate tu hatua moja baada ya nyingine?

Kwa sababu hatua ya 4 inaweza kufunga mlango ambao hatua ya 16 itataka kupitia. Modeli ya plastiki hujengwa kutoka ndani kwenda nje. Ukishaunganisha nusu mbili za kiwiliwili cha ndege, chumba cha rubani hukifikii tena. Ukishafunga bawa la juu kwenye la chini, upande wa ndani umekwenda.

Mimi nililipia somo hili kwa ndege ya kivita ya skeli 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Bawa lake la chini lilikuwa na vishimo vinne upande wa ndani ambavyo havikutokeza nje. Kiwanda huviacha vimezibwa na utando mwembamba wa plastiki, ili anayetaka kuning'iniza mabomu avitoboe na asiyetaka aviache. Pembeni mwa mchoro wa hatua ya 4 palikuwa na alama ndogo ya keekee na maandishi "1 mm". Niliiona. Nikadhani inahusu toleo jingine la ndege, nikaendelea. Nikafunga mabawa, nikapiga msasa kwenye maungio, nikapaka rangi na nikaridhika nayo. Hatua ya 16 ikaniletea vishikio vya mabomu, kila kimoja na vijiti viwili vya kuchomeka, na bawa langu lilikuwa laini kama ganda la yai. Nikapima kwa rula na kutoboa kutoka nje kwa kukisia. Kishikio cha kushoto kilikaa vizuri. Cha kulia kimepinda kama milimita mbili, na kila anayeishika ile ndege jicho lake huenda palepale.

Anayesoma hatua moja moja hana namna ya kujua kishimo cha hatua ya 4 kina kazi gani. Aliyefika ukurasa wa mwisho kabla ya kukata kipande chochote anarudi mwanzo akijua.

Kusoma kwenyewe kunachukua muda gani?

Ndege ndogo ya 1/72, dakika kumi. Meli ya 1/350 yenye kijitabu kinene, jioni nzima. Mimi husoma mara mbili: mara ya kwanza bila kushika chochote, mara ya pili nikiwa na penseli na fremu zote, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, zimetandazwa mezani. Kwa penseli nazungushia mambo manne tu: pa kutoboa, pa kuweka uzito, pasipotakiwa gundi, na pa kuchagua kati ya toleo moja na jingine. Mengine yatajitokeza yenyewe.

Zile alama ndogo zina maana gani?

Kila kiwanda kina mwandiko wake, na karibu kila karatasi ina kijisanduku mwanzoni kinachoeleza alama zake. Kisome hata kama unadhani unazijua. Unazokutana nazo mara nyingi ni hizi.

Herufi na namba, mfano A12 au C7: herufi ni fremu, namba ni kipande kwenye fremu hiyo. Usikate kipande mpaka uwe umesoma namba yake kwenye kijilebo kilichobaki kwenye fremu, kwa sababu kikishakatwa namba haiendi nacho. Vipande vinavyofanana kama mapacha, kwa mfano vifuniko vya magurudumu vya kushoto na kulia, vikichanganyika mezani utavitofautisha kwa taabu.

Chupa au tyubu ya gundi iliyopigwa msalaba: hapa usigandishe. Mara nyingi ni sehemu inayotakiwa kuzunguka, kama gurudumu, propela au kichwa cha kifaru. Alama ya "x2" au "x8": tengeneza idadi hiyo. Hapa ndipo wenye vifaru huchoka, kwani magurudumu ya kifaru yanaweza kufika zaidi ya kumi kila upande ukihesabu nusu mbilimbili. Mkasi au kisu maana yake kata kitu fulani ukitupe. Mshale uliogawanyika njia mbili unataka uchague. Na kuna mshale mweusi mrefu ambao watu huupita kila mara: unaonyesha kipande kimegeuzwa ili ukione kwa nyuma. Ukiukosa utabandika kitu kichwa chini.

Nimemaliza na vipande vimebaki. Nimekosea?

Pengine hapana. Kutengeneza kalibu ya chuma ni gharama kubwa, kwa hiyo kiwanda hutumia fremu zilezile kwa matoleo kadhaa ya chombo kimoja. Tafuta ule mchoro wa fremu zote, kwa kawaida ukurasa wa kwanza au wa pili. Vipande vilivyotiwa kivuli au rangi ndivyo visivyotumika kwenye boksi lako. Ukiuangalia mapema utajua ukweli huo kabla ya kukosa usingizi. Usivitupe lakini. Nina kopo zima la magurudumu, viti na bunduki za ziada ambazo zimeokoa modeli nyingine nyingi.

Maandishi yote ni ya Kijapani. Nifanyeje?

Fuata michoro, imechorwa kwa kujua kwamba wengi hawatasoma maneno. Ila usipuuze aya fupi zilizowekwa kwenye kisanduku chenye mstari mnene au alama ya mshangao. Ipige picha kwa simu na uitafsiri. Kwa kawaida maneno huongezwa pale ambapo mchoro peke yake haukutosha, na hapo ndipo penye mtego.

Kwa nini ndege yangu inakalia mkia?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana jibu lake limechapishwa kwenye karatasi nayo ikapuuzwa.

Ndege nyingi zina gurudumu moja mbele, chini ya pua, na mawili nyuma kidogo, chini ya mabawa. Ndege halisi husimama vizuri kwa sababu pua yake imejaa vitu vizito: mizinga, risasi, redio, au injini zilizotangulia mbele. Ya plastiki haina hayo. Pua ni ganda tupu na mkia ni ganda tupu, na mkia ni mrefu zaidi. Ukiiweka mezani, pua inapanda juu. Modeli za ndege za kivita kama P-38 Lightning, P-39 Airacobra, B-25 Mitchell na Me 262 zinajulikana kwa tabia hiyo.

Kwa hiyo karatasi hukuambia, kwa kawaida katika hatua za mwanzo kabisa, uweke uzito wa gramu kadhaa ndani ya pua kabla ya kuifunga. Alama yake huwa kijiduara au jiwe la mizani na namba ya gramu. Ukiikosa, umebaki na njia mbili: kupasua pua, au kuisimamisha ndege kwa kijiti chini ya mkia maisha yake yote.

Nishauri mambo mawili ambayo karatasi nyingi haziyasemi. La kwanza, usiamini gramu zilizoandikwa bila kujaribu. Shikilia kiwiliwili, mabawa na mkia kwa tepu, kisha ukiegemeze kwenye penseli mbili pale magurudumu makuu yatakapokaa. Ongeza uzito puani mpaka kiiname mbele, halafu ongeza kidogo tena, kwa sababu rangi na vipande vya nyuma bado havijaingia. La pili linahusu risasi za kuvulia samaki, ambazo wengi tunazitumia. Usizigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao ndani ya pua iliyofungwa. Madini ya risasi hushambuliwa na asidi inayotoka kwenye gundi hiyo, hufanya unga mweupe unaovimba, na baada ya muda pua inaweza kupasuka. Tumia epoksi au supaglu. Nawa mikono baadaye, risasi ni sumu.

Nina gundi moja tu. Si zote zinagandisha?

Gundi ya modeli za plastiki si gundi kwa maana ya kawaida. Ni kiyeyushi. Huyeyusha uso wa polistaireni, ile plastiki ya kawaida ya modeli, pande zote mbili, pande hizo zikaingiana, kiyeyushi kikapeperuka, na pakabaki plastiki moja. Ndiyo maana maungio yake ni imara kiasi kile, na ndiyo maana haifanyi lolote kwenye vitu visivyo polistaireni. Boksi la siku hizi linaweza kuwa na plastiki ya kawaida, vipande vyembamba vya shaba, minyororo ya mpira ya kifaru, na vipete laini vinavyoingia katikati ya magurudumu. Shaba na rezini zinataka supaglu au epoksi. Vile vipete havitaki gundi yoyote. Vimewekwa ili gurudumu liingie na kutoka kwa kubana. Karatasi hueleza kila kipande kinahitaji nini, ama kwa alama ama kwa maneno.

Kioo cha chumba cha rubani kina sheria yake. Mvuke wa supaglu hukitia ukungu mweupe. Kiyeyushi kikidondokea kioo, alama haitoki kwa kufuta. Kwenye vioo gundi nyeupe ya mbao ndiyo yenyewe, na ikizidi unaifuta kwa kitambaa chenye maji.

Namba za rangi zinanichanganya. XF-1, FS 36375, RAL 7021, ni nini hizi?

Ni lugha tofauti za jambo lilelile. Zinazoanza na X au XF ni za Tamiya, kiwanda cha modeli na rangi cha Japani: X ni rangi zinazong'aa, XF ni zisizong'aa, kwa hiyo X-1 na XF-1 zote ni nyeusi lakini ukizipaka hazifanani. FS ni kiwango cha rangi kilichowekwa na serikali ya Marekani, na tarakimu yake ya kwanza inasema kiasi cha mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa nusu, 3 haing'ai. Ya pili ni kundi la rangi, na 6 ni kijivu. Hivyo FS 36375 ni kijivu kisichong'aa, umejua hata kabla ya kufungua kopo. RAL ni ya Ujerumani, na 7021 ndicho kile kijivu cheusicheusi cha vifaru vya Kijerumani vya mwanzo wa Vita vya Pili vya Dunia.

Kosa la gharama kubwa liko kwenye makopo ya kupuliza. Tamiya ina TS na PS. TS ni ya modeli za plastiki ya kawaida. PS ni ya yale mabodi ya polikaboneti ya magari yanayoongozwa kwa rimoti, na ikipulizwa kwenye polistaireni huila. Makopo yanafanana. Soma herufi ya kwanza, usitazame rangi ya kifuniko.

Jambo jingine ni kwamba jedwali la rangi huwekwa mwishoni, lakini rangi huhitajika tangu hatua ya 1. Kiti cha rubani hakipakwi baada ya kufunga ndege. Ukiwa na penseli mkononi, andika kando ya kila hatua ya ndani rangi inayohusika, vinginevyo utakuwa unapindua kurasa kwa vidole vyenye gundi.

Je, karatasi yenyewe inaweza kukosea?

Inaweza, na hukosea. Nimekutana na namba za vipande zilizobadilishana, kushoto kuitwa kulia, mshale unaoelekea mahali pasipo na tundu, na kipande kinachotajwa kwenye hatua lakini hakipo kwenye fremu yoyote. Angalia pia kama boksi lina karatasi ndogo iliyopachikwa baadaye. Ile si tangazo. Mara nyingi ni masahihisho ya kosa ambalo kiwanda kililigundua baada ya kuchapa.

Dawa ya hili haipatikani kwa kusoma tu. Inatafutwa mkononi. Kabla ya gundi, unganisha vipande vikavu, kwa tepu au kwa vidole. Chukulia sakafu ya chumba cha rubani. Karatasi inaonyesha inaingia kwenye reli mbili ndani ya kiwiliwili. Ichomeke, funga nusu ya pili, tazama juani kama maungio ya mgongo yanakutana. Yakiachana kwa unene wa ukucha, sakafu ni pana mno au umeiweka kwenye reli isiyo yake. Ni sekunde thelathini. Ukigundua jambo hilo baada ya kiyeyushi kukauka, una kazi ya puti na msasa ya siku mbili, na mistari ya maungio ya mabati iliyochongwa kwenye mgongo wa ndege itafutika.

Ukikuta mchoro na kipande vinapingana, kiamini kipande.

Lazima nifuate mpangilio wa hatua kama ulivyo?

Hapana, na nitashangaa nikimwona muundaji mzoefu anayeufuata wote. Karatasi hupangwa kwa mantiki ya kuunganisha. Haipangwi kwa mantiki ya kupaka rangi wala ya mikono minene. Inaweza kukuambia ubandike antena nyembamba kama unywele kwenye hatua ya 7, halafu uigeuzegeuze modeli kwa hatua nyingine ishirini. Utaivunja. Antena, vijiti vya kupimia kasi ya hewa, milango ya magurudumu na ngazi vyote nahamishia mwishoni. Kwenye kifaru, minyororo naiacha nje mpaka sehemu ya chini ipakwe.

Lakini angalia ni nani anayeweza kuhamisha hatua. Ni yule anayejua hakuna kitu kitakachofungwa kabla ya kipande alichokiruka kuingia. Kuna matanki ya mafuta yanayoingia kwa kuteleza kutoka ndani kabla bawa halijafungwa. Kuna propela ambazo mhimili wake huingizwa kwa nyuma. Ukiziahirisha haziingii tena bila kukata kitu. Ninachofanya ni kuandika namba zangu mwenyewe kwa penseli juu ya zile za kiwanda, na mara chache kwenye kila modeli najikuta nimerudi kwenye za kiwanda baada ya kuelewa kwa nini walizipanga vile.

Naweza kuamua mwishoni nitabandika stika za kikosi gani?

Watu wengi hudhani hivyo. Boksi likiwa na stika za ndege mbili au tatu tofauti, mara nyingi tofauti si za stika tu. Moja ina propela ya pala tatu na nyingine ya pala nne. Moja ina kioo bapa na nyingine kioo kilichovimba. Chagua kabla ya hatua ya 1, zungushia herufi ya toleo lako kila inapotokea, na zile nyingine zipige mstari.

Kuhusu stika za maji zenyewe: loweka sekunde ishirini mpaka thelathini, zitoe, subiri ziachie karatasi, kisha zitelezeshe kwenye uso unaong'aa. Kwenye rangi isiyong'aa hewa hunaswa chini yake na kuacha madoa yanayong'aa kama fedha.

Mchoro unaniambia nikate waya wa urefu fulani. Naupimaje?

Soma kama mchoro umeandikwa 1/1 au "ukubwa halisi". Ukiwa hivyo, weka waya juu ya karatasi na ukate. Usipoandikwa hivyo, pima milimita zilizotajwa kwa rula. Anayechapisha maelekezo kutoka intaneti ajihadhari, kwa kuwa printa nyingi hupunguza ukurasa ili uenee, na hapo mchoro wa 1/1 unakuwa umedanganya.

Skeli nayo ni hesabu ya kugawanya tu. Ndege ya kivita ya Spitfire yenye upana wa mabawa wa mita 11.23 inakuwa milimita 156 katika 1/72, na 234 katika 1/48. Mtu wa mita 1.8 anakuwa milimita 25 katika 1/72, na kama 51 katika 1/35.

Nimepoteza karatasi. Nimekwama?

Si lazima. Viwanda vingi huweka maelekezo kwenye tovuti zao, na Scalemates, tovuti ya waunda modeli, huhifadhi nakala za maelekezo ya boksi nyingi, za zamani na za sasa. Hakikisha tu namba ya boksi inalingana, maana toleo jipya linaweza kuwa na fremu tofauti. Na hata ukimaliza kuunda, usiitupe. Kipande kikipotea, baadhi ya viwanda hukuruhusu kuagiza kingine kwa kutaja namba ya fremu iliyo kwenye karatasi hiyo.

Mtoto wangu anataka kuunda peke yake.

Tazama umri ulioandikwa kwenye boksi kisha soma naye. Umpe yeye penseli. Kisu na gundi vibaki kwako mpaka uridhike, na dirisha liwe wazi.

Nimeshafunga bawa bila kutoboa vishimo. Kuna dawa?

Ipo, na laiti ningeijua siku ile. Tafuta kwenye karatasi mchoro wa bawa kwa chini. Ukiwa wa ukubwa halisi, uweke karatasi nyembamba juu yake, chora ukingo wa bawa, mistari ya mabati na vituo vya vishimo, kisha uikate iwe kigezo. Ukiwa mdogo, pima uwiano wake kwa upana wa bawa lako la plastiki na uukuze. Kibandike kigezo kwa tepu juu ya bawa, linganisha mistari ya mabati na ile iliyochongwa kwenye plastiki, choma alama kwa ncha ya sindano kupitia karatasi, na utoboe kwa keekee ya mkono ya milimita 0.5 kwanza, polepole, bila mashine. Panua mpaka 1 mm baada ya kujaribisha kishikio. Kama bawa la pili halijafungwa, lipe mwanga wa taa kutoka nyuma: kwenye plastiki nyeupe au ya kijivu hafifu vishimo vilivyozibwa huonekana kama nukta angavu, na unaviweka alama kutoka nje bila kupima chochote.